Mifuko 31 nyuma ya mlango wa jikoni

Swali: "Mtaalamu, salamu kutoka Manyatta, Kisumu. Nina duka dogo la rejareja, na kila Jumapili naenda Kibuye kununua mboga na omena za wiki. Tangu majuala, ile mifuko myembamba ya plastiki, yapigwe marufuku, nikisahau mfuko wangu nyumbani nanunua mwingine sokoni. Juzi nilihesabu iliyoning'inia nyuma ya mlango wa jikoni nikapata 31. Binti yangu anayesoma Njoro alikuja likizo akaniambia mfuko wa pamba lazima utumike mara 20,000 ndipo uwe na afadhali kuliko juala, kwa hivyo marufuku yote ilikuwa kazi bure. Ni kweli? Na mimi mwenyewe dukani niuze mfuko gani? – Mama wa Duka."

Mama wa Duka, salamu zimefika huku Nakuru. Nianze na binti yetu, kwa sababu hajakudanganya. Namba hiyo ipo. Ilitolewa Denmark mwaka 2018, katika ripoti ya idara ya serikali yao inayosimamia mazingira, na tangu siku hiyo watu wameibeba huku na huku wakiacha nyuma maelezo yaliyokuja nayo. Wewe unaenda sokoni mara moja kwa wiki. Mara 20,000 kwa mwendo huo ni zaidi ya miaka 380. Ungetakiwa uwe umeanza kubeba kikapu chako wakati Wareno bado wako Fort Jesus. Namba ikikupeleka huko, usiikatae tu, uliza imepikwa vipi.

Wale wataalamu walichukua mfuko wa plastiki unaouzwa kwenye maduka ya kwao wakaufanya kipimo. Kisha wakauliza: mfuko wa aina nyingine utumike mara ngapi ili madhara ya kuutengeneza, yakigawanywa kwa safari zake zote, yasizidi ya ule wa plastiki? Hawakupima jambo moja. Walipima kuongezeka kwa joto duniani, matumizi ya maji, sumu, tabaka la ozoni (ile hewa ya juu inayotukinga na miale mikali ya jua) na mengine mengi. Kwa upande wa joto peke yake, mfuko wa pamba ya kawaida ulihitaji kutumika mara 52, na wa pamba iliyolimwa bila kemikali mara 149. Mara 52! Huo kwako ni mwaka mmoja wa Jumapili, na sijawahi kuona mfuko mzuri wa pamba ukafa ndani ya mwaka.

Sasa 20,000 imetoka wapi? Imetoka kwenye kipimo kibaya kuliko vyote, kile cha tabaka la ozoni, ambako pamba ya kawaida ilifika 7,100. Ile iliyolimwa bila kemikali ilipanda zaidi, na sababu moja ni kwamba mfuko waliouchukua ulikuwa mdogo, basi wakahesabu miwili mahali pa mmoja. Hesabu yao ina uaminifu wake, siidharau. Lakini ni sawa na kumpima mtoto darasani kwa somo alilofeli peke yake, halafu ukatangaza kijiji kizima kwamba ni mjinga.

Kuna hesabu nyingine ya zamani kidogo ambayo mimi huiona inatufaa zaidi, kwa sababu mfuko walioufanya kipimo ni ndugu wa lile juala letu jembamba la zamani. Ni ya Uingereza, ilitoka 2011. Kwa upande wa joto la dunia, walisema mfuko wa karatasi utumike mara 3, wa plastiki nzito mara 4, ule unaofanana na kitambaa (nitarudi kwake, huyo ndiye aliyejaa nyuma ya mlango wako) mara 11, na wa pamba mara 131. Hapo tena Jumapili zako zinatosha: mara 11 ni chini ya miezi mitatu, na mara 131 ni miaka miwili na nusu.

Hayo yote ni upande mmoja wa mambo, upande wa kuzaliwa kwa mfuko: mafuta yaliyotumika, umeme wa kiwanda, shamba, maji, lori. Upande wa mfuko kutupwa ovyo ukishachoka haumo. Wadenmark waliandika wazi kwamba kwao mfuko kutupwa ovyo ni jambo dogo mno, wakaliacha nje ya hesabu. Na kwao ni kweli. Taka zao hukusanywa zikachomwa katika mitambo inayotoa umeme na joto la kupasha nyumba. Juala la Denmark likimaliza kazi linapasha maji ya kuoga ya mtu.

Letu lilikwenda wapi? Wewe unajua kuliko mimi, uko Manyatta. Lilikwenda mtaroni, mtaro ukaziba, mvua ya Aprili ikaja, maji yakaingia ndani kwa watu. Yaliyobahatika kupita yakashuka na mto Auji hadi ziwani. Huku kwetu Nakuru jaa la Gioto liko juu kwenye mteremko wa Menengai, na mji huu una upepo. Kabla ya 2017 ilikuwa ukisimama penye ua wa mbuga wakati wa kiangazi unaona waya umevaa majuala kama nguo zilizoanikwa, meusi, ya buluu, ya mistari. Na Ziwa Nakuru halina mto unaotoka. Kinachoingia kimeingia.

Tazama jambo hili kwa makini, maana ndilo linalofungua fumbo lote. Lile juala lilikuwa na uzito wa gramu 8 hivi. Mfuko wa karatasi wa ukubwa huo ni kama gramu 55, wa pamba ni zaidi ya gramu 180. Kitu cha gramu 8 hakiwezi kula mafuta mengi wala umeme mwingi kukitengeneza, ndiyo maana kwenye hesabu za kiwandani juala linawashinda wote. Lakini wepesi huo huo ndio unaolipeperusha kutoka jaani hadi kwenye mti, kutoka kwenye mti hadi mtoni. Anayeliokota haoni faida, kwa sababu kilo moja ni zaidi ya majuala 120 yenye matope. Chokoraa wa Kondele ataokota chupa, ataokota chuma, juala ataliruka. Sifa na dosari yake ni kitu kimoja.

Likishafika huko halioziki. Polithini, ile plastiki ya juala, hupigwa na jua ikakauka, ikakatika vipande, vipande vikakatika tena mpaka visionekane kwa macho. Watafiti walinunua mbuta na ngege katika soko la Mwanza, upande wa pili wa ziwa hili hili, wakawapasua matumbo, na katika utafiti uliochapishwa 2016 walithibitisha vipande vidogo vya plastiki ndani ya samaki 20 katika kila 100 wa kila aina. Ng'ombe naye ni hadithi nyingine. Muulize mchinjaji yeyote mwenye umri: katika lile tumbo la kwanza, lenye ngozi kama taulo, alikuwa akitoa bonge la majuala lililosokotana kama kamba ya meli. Ng'ombe hanusi akachagua. Juala lililofungia maganda ya ndizi lina chumvi na harufu ya chakula, basi analimeza lote, na likishaingia halipiti kwenda mbele wala halirudi nyuma. Anashiba huku anakonda.

Kwa hiyo je, marufuku ilikuwa kazi bure? Kwangu mimi, hapana. Marufuku ya tarehe 28 Agosti 2017 haikutungwa ili kupunguza joto la dunia. Ilitungwa kwa ajili ya mitaro, mifugo na ziwa, na kwa hayo ilikuwa dawa sahihi hata kama ilimezwa kwa uchungu. Kabla yake serikali ilijaribu mara mbili, 2007 na 2011, kwa kukataza majuala membamba tu na kuruhusu mazito, na ikashindwa, kwa sababu hakuna askari wa soko anayetembea na kifaa cha kupima unene wa plastiki. Binti yetu anapima dawa ya minyoo kwa kipimajoto.

Na hapo hapo nikuambie kitu kitakachokushangaza. Kwa upande wa joto la dunia, mfuko wenyewe ni kitu kidogo sana. Ukigawanya hesabu ya Waingereza, juala moja ni karibu gramu 20 za hewa ukaa. Pikipiki inatoa gramu 50 hivi kwa kila kilomita. Maana yake ukifika Kibuye ukakumbuka umesahau mfuko, ukamwambia bodaboda akurudishe Manyatta kuuchukua, umeshatumia zaidi ya majuala kadhaa. Bora uazime gunia kwa jirani wa kibanda. Na kilo ya nyama iliyomo ndani ya mfuko ina uzito mkubwa katika mizani hiyo kuliko mfuko wa kila aina ulionao nyuma ya mlango. Nasema hivi ili usilale na hatia kwa ajili ya ile 31.

Sasa tuje kwenye hiyo 31 yenyewe. Nina hakika, bila kuiona, kwamba mingi ni ile ya kijani, ya buluu au ya maziwa, inayofanana na kitambaa, ina vitundu vidogo vidogo ukiishika dhidi ya mwanga, na mshono wake haukushonwa kwa uzi bali umebanwa kwa moto. Wauzaji huita mifuko ya kitambaa. Si kitambaa. Fanya hivi: kata kipande kidogo kama ukucha, kishike kwa koleo, uwashe kiberiti nje ya nyumba. Pamba huwaka kama karatasi, inanuka karatasi iliyoungua, inaacha majivu laini yanayovunjika ukiyagusa. Huo wako utajikunja kwanza, utayeyuka, utadondosha tone, na likipoa utabaki na shanga ngumu. Hiyo ni polipropilini, plastiki kamili. Nyuzi zake hazikufumwa, zimetandazwa na kugandamizwa kwa joto. (Ukishaona mara moja inatosha. Usichome mfuko mzima, na tafadhali usiwashie jiko la makaa kwa mifuko, moshi huo unaupumua wewe.)

Kuwa plastiki si dhambi yenyewe. Tatizo ni uzito na umri. Wale Waingereza walipima mfuko wa aina hiyo wa gramu 115, mnene, wenye kitako, wa kudumu. Mimi niliununua mmoja wa bei ya chini katika soko letu hapa, nikauweka kwenye mizani ya jikoni, haukufika gramu 20. Sasa fanya hesabu ya mama duka: gramu 20 kwa gramu 8 ni majuala mawili na nusu ya zamani. Mfuko huo ukienda sokoni mara tatu, umelipa deni lake la plastiki. Ukienda mara kumi, umeshinda kwa mbali. Lakini ukichanika mkanda siku ya pili na kilo mbili za viazi ndani, basi tumepoteza, tumetengeneza juala zito zaidi lenye jina zuri. Ndiyo maana NEMA, mamlaka ya serikali ya mazingira, ilitangaza mwaka 2019 kwamba nayo ipigwe marufuku kuanzia mwisho wa Machi, ikisema iliyo sokoni ni duni na inatupwa baada ya kutumika mara moja. Wafanyabiashara wakaenda mahakamani, na mifuko tunayo hadi leo.

Hata hivyo 31 yako haijakufilisi. Tuseme zote ni za gramu 20: ni gramu 620 za plastiki, sawa na majuala yasiyofika 80. Kabla ya marufuku ulikuwa unatoka Kibuye na majuala mangapi kwa Jumapili moja? La nyanya, la vitunguu, la omena, la kubebea hayo mengine. Manne? Basi mifuko yote iliyo nyuma ya mlango ni Jumapili 20 za zamani. Kosa lako si kuwa nayo. Kosa ni kununua wa 32.

Mfuko wa karatasi nitaupita haraka. Kaki ni nzuri kwa sukari, njugu na mandazi makavu. Kwa samaki na nyama haifai, ikilowa imekwisha, na mara tatu zile za Waingereza hazifiki. Watu hudhani karatasi ni mti tu umelazwa, lakini kuigeuza mbao kuwa uji na uji kuwa karatasi kunataka maji mengi, joto na kemikali. Jirani zako wa Webuye, waliokaa na kiwanda cha karatasi tangu 1974 hadi kilipofungwa 2009, watakusimulia habari ya ile harufu kama ya mayai viza, ambayo ni salfa ya kupikia mbao. Sifa kubwa ya kaki ni kwamba ikianguka mtaroni, mvua mbili tatu inakuwa matope. Kwa mji wenye mitaro kama yetu, hiyo sifa ina bei. Gazeti la kufungia mandazi ya moto ni jambo jingine, wino haufai kuliwa. Jani la mgomba lililopitishwa kwenye moto ni safi zaidi na huko kwenu halikosekani.

Pamba: kama unao, utumie mpaka uwe tambara la kupangusia meza, kisha utumie tambara. Kama huna, usikimbilie kununua kwa sababu ya mazingira. Pamba inakula maji na ardhi, huo ni ukweli. Niongeze tu kwamba mashamba ya pamba ya Busia, Siaya na Homa Bay hutegemea mvua, hayamwagiliwi kama ya nchi kame, kwa hivyo mfuko uliotoka kwa pamba ya huku usiupime moja kwa moja kwa namba za Denmark. Tatizo ni kwamba mfuko wenye maandishi mazuri ya kutunza mazingira hausemi pamba yake imelimwa wapi.

Vikapu vya gugumaji vinavyosukwa huko Kisumu navipenda, na sababu yangu si hisia. Gugumaji halikupandwa na mtu, halikutiwa mbolea na mtu, na lilipo ziwani linamzuia mvuvi kutoa mtumbwi. Kikapu chake kinaanza maisha bila deni. Lakini usikitie omena mbichi. Kikilowa na kufungiwa jikoni kinaota ukungu. Kiondo cha katani ndicho cha kazi ngumu. Katani hiyo inalimwa hapa karibu yetu, Mogotio, na mama yangu ana kimoja ambacho amekibadilisha ukanda mara mbili na sasa kimekuwa na rangi ya chai. Kimebeba maziwa, kuku hai na, wakati mmoja, redio kubwa ya betri sita hadi kwa fundi.

Lakini ukiniuliza mfuko mmoja tu ambao ningeupa kura yangu kwa Kisumu, si huo wala huu. Ni gunia la sukari. Lile la kilo 50, jeupe, lililofumwa. Wewe mwenye duka unalo, unalimwaga sukari kila baada ya siku kadhaa, halafu gunia linatandikwa chini au linauzwa kwa shilingi chache. Mpelekee fundi wa cherehani. Gunia moja linatoa mifuko miwili ya kwenda sokoni, mitatu ukibana, na mikanda yake inakatwa kwenye gunia lenyewe na kukunjwa mara mbili. Mwambie ashone mkanda upite chini ya kitako uzunguke kama machela, asiushikilize juu peke yake. Hapo ndipo mifuko mingi inapofia. Ni plastiki, sikatai, lakini ni plastiki iliyokwisha kutengenezwa na kulipa deni lake kwa kubeba sukari. Kila safari baada ya hapo ni ya bure. Samaki wakivuja unalisuuza kwa maji ya bomba, unaanika, jioni limekauka.

Mambo mawili kuhusu magunia. La mbolea au la dawa ya mifugo usilitumie kubebea chakula hata ulioshe mara kumi. Na gunia lisianikwe juani kutwa: jua ndilo linalolimaliza. Ukikuna kwa ukucha ukaona unga mweupe au nyuzi zinakatika kama nywele kavu, hilo sasa linamwaga vipande vidogo kila unapolitikisa. Listaafishe kabla halijafika huko.

Dukani kwako, basi. Ningeanza kwa kutotoa mfuko mpaka mteja auombe. Mteja aliyenunua unga pakiti moja na sabuni ana mikono miwili. Pili, tundika mlangoni mifuko mitano sita ya gunia, uikopeshe kwa amana. Anachukua, anaacha pesa ya mfuko, akirudisha kesho anapewa pesa yake. Mtaani kwenye watu wanaofahamiana jambo hili linaenda. Kwenye duka la barabara kuu lisingeenda, watu wangepita na mifuko. Asiyerudisha amenunua mfuko, hujapata hasara. Ile yako 31, iliyo mizima, ndiyo ya kuanzia. Osha, hesabu, iingize kazini.

Na sukari ya robo, chumvi ya kupima na mafuta ya kadogo ndipo penye mtihani kuliko mfuko wa kubebea. Najua zile karatasi nyembamba za plastiki za kuonyesha ndani bado zinapita mpakani Busia na Malaba na kuuzwa kwa mafungu chini ya meza, na najua anayeziuza anakuambia hizi si zile zilizokatazwa. Ni hizo hizo. Kilichoruhusiwa ni plastiki ambayo kiwanda kimefungia bidhaa yake tokea huko, kama mkate au maziwa, yenye jina la aliyeitengeneza. Ya wewe kujipimia kaunta haimo. Adhabu katika sheria inaanzia faini ya shilingi milioni 2 hadi milioni 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi miaka 4, au vyote viwili, na sheria haitofautishi duka la Manyatta na kiwanda. Kwa sukari tumia kaki. Kwa mafuta, mteja aje na chupa. Weka bei ya anayekuja na mkebe wake iwe pungufu kwa shilingi moja tu, utaona mikebe itakavyojitokeza.

Hukuuliza kuhusu taka za jikoni, lakini wengi wanaoniuliza kuhusu mifuko hufika hapo: juala lilikuwa pia pipa letu. Aprili 2024 NEMA ilitoa agizo kwamba mifuko ya kukusanyia taka zinazooza nayo iwe ya aina inayooza kabisa. Ukiinunua, angalia isiwe ile inayojigamba inaoza kumbe inakatika vipande tu juani. Rahisi zaidi ni kutenganisha. Maganda na mabaki yaende kwenye ndoo yenye mfuniko, kisha kwa mbuzi wa jirani au shimo la mbolea. Taka kavu haihitaji mfuko, inahitaji gunia. Ukishatoa vitu vilivyolowa, utashangaa pipa lako lilivyokuwa halina kitu.

Kuhusu zile zilizochanika kati ya 31: zenye mkanda uliong'oka zipeleke kwa fundi pamoja na magunia, dakika tano kwa kila moja. Zilizotoboka kitako zikunje uziweke ndani ya nyingine ziwe kitako cha pili, hasa mfuko wa viazi. Zilizoanza kutoa vumbi la rangi mkononi ndizo za kutupa, na uzifunge pamoja ziwe bonge moja zito ndani ya gunia la taka kavu, zisije zikapeperuka. Na kabla ya Jumapili, toa mfuko mmoja nyuma ya mlango, uuweke pale unapoweka pesa ya soko.